Droo ya Kumi na Nne kwa Tisa

9 Februari 1986

Mdogo wangu Gramu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, tukiacha mafua yanayozunguka nyumba nzima. Akipona huyu anashikwa yule. Binti yangu amerudi shuleni kufundisha baada ya likizo ya uzazi, nami nimebaki na mjukuu kutwa nzima. Ameanza kutambaa. Ukiona barua hii imeliwa pembeni, ujue ni yeye, anakusalimia wewe babu yake.

Najua nyumba yako imekuwa kubwa mno siku hizi. Miezi mitatu sasa. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuja kumzika wifi yangu, lakini miguu yangu ndiyo hivyo, ilinivimba wiki ile ile. Nilikuwa namshonea blauzi ya vifungo vya mgongoni. Iko kabatini imebaki mkono mmoja.

Sasa lile jambo letu. Chumba chako kiko tayari. Nimeondoa majora yote ya vitambaa, nimepaka chokaa, na dirisha nimelilazimisha mpaka limefunguka. Usiniambie tena "nitaona." Ulisema utaona mwezi wa kumi na mbili, ukasema utaona mwezi wa kwanza. Unaona nini huko muda wote huo?

Umeniuliza visu vyako utaviweka wapi. Umeuliza vizuri, maana kwa huyu anayetambaa kila kitu mwisho wake ni mdomoni. Nimekutengea droo yenye kufuli. Nimeipima mwenyewe: kumi na nne kwa tisa, kina chake tatu. Vitakavyoingia humo njoo navyo. Visivyoingia sivitaki nyumbani kwangu, hata uniambie kimoja ulipewa na mfalme.

Nijibu upesi, na uandike tarehe.

Dada yako


23 Machi 1986

Dada mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mafua yameshawaacha, na mjukuu anaendelea kula barua za watu. Mimi mzima. Paa lilivuja kidogo upande wa jikoni, nimeliziba. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Hakujui, ila kwa habari zako ninazompa anakuogopa tayari.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika tarehe kumi na tano ya mwezi ule ule, kwa hiyo siwezi kuwasingizia watu wa posta. Nilikuwa na shughuli.

Nashukuru kwa droo.

Nilifanya kama nilivyozoea. Miaka thelathini na minne nimetengeneza mizani za maduka, na siwezi kuamini kipimo mpaka nikione kimesimama mbele yangu. Basi nikachukua boksi la viatu, nikakata kadibodi, nikaunda droo yako yenyewe: kumi na nne kwa tisa, kina tatu. Nikabana pembe kwa gundi. Nikaiweka mezani, na kwa siku nyingi nikawa naipita tu, naitazama, naenda zangu.

Unajua visu vyangu vya kukunja ni sitini na vitatu. Kila duka nililokwenda kurekebisha mizani, nikiwakuta wanauza visu, nilitoka na kimoja. Marehemu mwenzangu akisikia mlango, alikuwa anauliza kutoka jikoni, "Umekuja na nani leo?" Kama vile nimeleta mgeni wa kulala. Halafu anaosha mikono, anakuja kumtazama mgeni.

Basi Jumanne iliyopita nilikuwa nasubiri chai ichemke, nikasema ngoja nijaribu kupanga. Nikaweka cha kwanza, nikaweka cha pili. Dada, chai niliikumbuka birika lilipoanza kunuka! Vimeingia saba. Nikavitoa, nikatia vingine: saba. Nikavisimamisha ubavu, vikaingia tisa, lakini droo isingefunga. Basi ni saba. Saba kati ya sitini na vitatu!

Sikutegemea kwamba jambo hili lingenichangamsha hivi. Nimeanzisha mashindano. Visu viwili viwili, kila kimoja kikate kamba, kichonge penseli, kimenye chungwa bila ganda kukatika. Kinachoshindwa kinaingia kapuni. Naamka nina hamu ya kufika mezani kama mtoto aliyeahidiwa safari. Jana kimoja chekundu, kidogo kama kidole, nilichokisahau kabisa, kimeliangusha jitu zima la mpini wa mbao. Nilipiga kelele mwenyewe. Machungwa yamekuwa mengi hivi kwamba sasa kinyozi anawapa wateja wake.

Nitakuandikia matokeo.

Mdogo wako


5 Aprili 1986

Gramu,

Marahaba. Sisi wazima. Binti ana kazi nyingi, mjukuu ana meno mawili, na mimi nina oda ya sare za shule thelathini, miguu kwenye cherehani asubuhi mpaka jioni. Nashona kama kawaida.

Kumbe ulikuwa na sitini na vitatu! Nilidhani unaweka visu, kumbe una duka zima. Lakini wewe tangu utoto ndivyo ulivyo. Mama alikuwa akitia chumvi kwenye chungu, wewe unashika mkono wake unauliza ni gramu ngapi. Jina umelitafuta mwenyewe.

Nafurahi unafurahi. Hata hivyo nimekuhesabia: kurasa tatu za visu, mstari mmoja wa paa, na tarehe ya kuja, hakuna. Wewe unapima kila kitu isipokuwa siku.

Halafu, uandike kwa kalamu nyeusi. Hii ya bluu imepauka.

Dada yako


27 Aprili 1986

Dada mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa hilo la duka zima. Niliisoma barua nikitembea, nikacheka barabarani, muuza magazeti akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Kalamu nyeusi ndiyo hii.

Habari za huku ni njema. Mvua imekatika. Nimefua mapazia, kazi ambayo haikufanyika tangu Novemba.

Mashindano yamekwisha! Saba wameshapatikana, na si wale ambao ungewadhania. Cha kwanza ni kile cha mpini wa pembe, alichoniachia bwana aliyenifundisha kazi. Alikuwa akibandulia lakiri kuukuu, ile mihuri ya nta, kwenye mizani, na ubapa wake umelika mpaka umebaki mwembamba kama jani la mchaichai. Ni sentimita tisa kamili. Kimelala kwenye droo yako kama mguu ndani ya soksi, unywele haupiti. Cha pili ni kile chenye mkasi. Kila Jumapili mwenzangu alinikata nacho kucha za mkono wa kulia. Za kushoto aliniachia, akisema asinidekeze. Kile chekundu kidogo kimeingia kwa nguvu zake mwenyewe, hakuna aliyekibeba. Na cha saba, hapo ndipo utanicheka. Ni kile alichoninunulia yeye kwa mchuuzi, mwaka tuliohamia hapa. Chuma laini, ubapa unacheza kama jino bovu. Kimeshindwa na kila kisu, kimeshindwa hata na chungwa. Nimekitia kapuni mara nne na kukitoa mara nne. Basi kimo.

Sasa kazi ni kugawa. Kuuza sitaki. Nataka kila kimoja kimpate mwenye mkono wake. Nilianza na kinyozi. Nilimpa kile cha mpini mweusi, kizuri kuliko vyote, kilichokuwa bado kwenye karatasi yake ya dukani. Nilikitunza miaka kumi na tisa, na kwenye mashindano ndipo nikagundua sijawahi kukata nacho kitu.

"Mzee, hiki changu mimi?"

"Chako. Nionyeshe kwanza unavyokikunja."

Akakikunja, akajikata kidole! Mtu anayeshika wembe kutwa nzima, kisu cha kukunja kimemtoa damu. Mteja aliyekuwa kitini alicheka mpaka akatoka nje kumwambia jirani, kichwa chake upande mmoja kimenyolewa na upande mmoja msitu.

Habari zikaenea. Sasa kila anayepita ananiuliza, "Mzee wa visu, mimi umeniwekea kipi?" Nimewaambia wote waje Jumamosi, tarehe kumi ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Nitatandika shuka jeupe mezani, nitavipanga vyote hamsini na vitano, na kila mtu atachagua. Dada, sijakaribisha watu humu ndani tangu siku ile. Nimenunua vikombe kumi na viwili!

Ya tarehe nitakuandikia.

Mdogo wako


SIMU YA MAANDISHI
9 Mei 1986

USIGAWE VISU. DROO NI INCHI. VYOTE VITAINGIA. DADA


9 Mei 1986

Gramu, mdogo wangu,

Salamu baadaye. Nimetoka posta sasa hivi kukupelekea simu, na karani ameniuliza mara mbili kama "droo ni inchi" ni jina la mtu. Naandika barua hii iifuate simu, maana maneno saba hayatoshi.

Barua yako ilifika tarehe mosi, ikakaa mezani siku nane. Nilikuwa na haya mambo ya sare. Leo mikono yangu ilikuwa na unga, nikamwambia binti anisomee. Alipofika kwenye "sentimita tisa kamili" nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia kuna kwamba mjomba wako ni mwendawazimu, na mimi ni mwendawazimu mkubwa zaidi.

Mimi ni fundi cherehani kwa miaka arobaini. Nikisema kiuno ishirini na nane, nani ananiuliza ishirini na nane za nini? Mtu mwenye kiuno cha sentimita ishirini na nane ni chupa ya soda! Tepu yangu ina inchi mbele na sentimita nyuma, na huko nyuma sijawahi kugeuza. Droo yako ni ya lile kabati kubwa la chumbani. Visu vyako vyote vinaingia na soksi zako juu yake.

Halafu nikakaa chini, Gramu, nikahesabu wiki zile sita ulizonyamaza. Droo ya kumi na nne kwa tisa za kwako wewe ni droo ya kuwekea bobini za uzi. Ni ile ya cherehani ya Mama, tuliyokuwa tukifichamo peremende. Yaani ulidhani dada yako amesafisha nyumba nzima, akakuona wewe ni wa kuwekwa kwenye droo ya bobini? Na ukanijibu "nashukuru kwa droo"?

Kwa nini hukunitukana? Ungenitukana ningejua siku ile ile.

Simu iwahi, uizuie hiyo Jumamosi. Waambie unaumwa. Waambie chochote.

Dada yako


18 Mei 1986

Dada mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu. Vikombe vimebaki kumi na kimoja. Kaa vizuri nikusimulie, au mwambie binti akae vizuri.

Jumamosi ile saa nne hazijafika watu wameshajaa mpaka ngazini. Shuka jeupe, visu vimelala safu tano, vyote nimevinoa na kuvipaka mafuta, dirisha liko wazi, na jua linavipiga vinametameta kama samaki. Droo ya kadibodi na wale saba wangu niliiweka juu ya redio, nikatangaza hivyo haviguswi.

Sheria ilikuwa moja: mtu akichagua, akae kitini, nimtazame anavyofungua. Fundi viatu alitaka kikubwa. Nikamwambia mkono wako unafanya kazi ndogo ndogo, jaribu hiki kilichopinda. Akachukua kiatu chake mwenyewe mguuni, akakata uzi wa soli, akasema, "Mzee, ulikificha wapi miaka yote hii?" Muuza magazeti alichukua chembamba cha kukatia kamba za mafurushi. Mwalimu mmoja mstaafu alichonga penseli tatu mfululizo, akazinusa, akasema anachukua kisu na penseli pia. Kinyozi alijifanya msaidizi wangu, anaita watu kwa zamu kama yuko kibandani kwake: "Anayefuata! Weka kichwa, samahani, weka mkono!" Nilicheka, Dada. Nilijisikia nikicheka, nikashtuka, halafu nikaendelea.

Vilikuwa vimebaki kumi na tisa mezani alipoingia mzee wa posta, jasho linamtoka, na simu yako. Kinyozi akainyakua akaisoma kwa sauti. Nikaomba penseli. Nikazidisha nyuma ya gazeti: thelathini na tano nukta tano sita, kwa ishirini na mbili nukta nane sita, kwa saba nukta sita mbili. Vinaingia vyote. Kila kisu nilichotoa tangu asubuhi kingekaa kwa raha, na nafasi ikabaki.

Watu si wajinga. Fundi viatu ndiye aliyeanza. Akakunja kisu chake, akakiweka juu ya shuka. "Mzee, chukua chako. Bahati mbaya tu." Muuza magazeti akafuata. Mwalimu akarudisha hata penseli. Wakapanga foleni ya kurudisha, kama watu wanaotoa pole.

Nikaangalia ile foleni. Nilishawahi kuwaona wamejipanga hivyo humu humu ndani, Novemba, kila mmoja ananishika mkono na kupita. Nikasema hapana. Leo sitaki.

Nikamwambia fundi viatu, "Rudisha mfukoni. Umeshakata nacho uzi, hakinijui tena."

"Lakini dada yako amesema..."

"Dada yangu yuko mbali, na hata angekuwa hapa ungemchagulia yeye kisu."

Kinyozi akapiga makofi. Watu wakapumua, chumba kikarudi. Nikamgeukia mzee wa posta, aliyekuwa bado ameshika daftari lake la kutiwa sahihi, nikamwambia, "Na wewe kaa. Chagua." Alichagua chenye kifungua chupa. Akakifungua na kukikunja, akakifungua na kukikunja, akasahau sahihi yangu, ikabidi arudi Jumatatu.

Mwisho alikuja muuguzi, yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimgeuza mwenzangu kitandani bila kumuumiza. Alikuwa na sare yake bado. Mezani pameshakuwa peupe. Akaona ile droo juu ya redio, akaingiza mkono. Watu wote: "Aa! Hivyo haviguswi!" Nikasema mwacheni. Akatoa kimoja, akakifungua kwa kidole gumba, mkono mmoja tu, akacheka. "Hiki kimelegea vizuri. Mimi huwa nimeshika mkono wa mgonjwa na huu, nakata plasta na huu. Visu vigumu siviwezi."

Ni kile cha mchuuzi, Dada. Kibaya kuliko vyote. Miaka yote nilimtania mwenzangu kwa kununua kisu kinachocheza, na hapo akatokea mtu anayekitaka kwa sababu kinacheza. Nilitaka kusema hicho hapana, chukua chekundu, chukua chochote. Nikamtazama mkono ulivyokishika. Nikamwambia, "Alikununulia wewe. Alikosea mlango tu." Naye akakitia kwenye mfuko wa sare, karibu na saa yake, akanywa chai yangu, akavunja kikombe.

Basi nina sita. Vinanitosha. Usiku ule sikuota chochote, nililala tu.

Sasa umeniuliza kwa nini sikukutukana. Niliumia. Nilisema dada amenipa nafasi ya bobini, basi ndiyo nafasi niliyo nayo duniani sasa, mtu asiye na mwenzake anakaa popote. Ndiyo sababu ya zile wiki sita, na ndiyo sababu sikuandika tarehe. Niliona nakuja kuwa mzigo uliokunjwa vizuri. Sikutaka kusema, na wewe usingejua, lau si hizo inchi zako.

Lakini na wewe kuna unalolinyamazia.

Nilitoa barua zako zote nikazipanga mezani, palipokuwa na visu. Nikachukua rula. Barua ya mwaka juzi, herufi zako ndogo ni milimita mbili na nusu. Ya Februari, nne. Ya Aprili, tano. Ya mwisho hii ni nane, na mistari inapanda kilima. Kalamu nyeusi uliitaka wewe. Barua ilikaa siku nane mezani kwa mtu ambaye zamani alikuwa akipasua bahasha kwa meno kabla karani hajaiachia. Halafu unga mkononi. Na miguu, Dada! Tangu tukiwa watoto sijawahi kusikia miguu yako ikiuma mpaka wiki ile tuliyomzika.

Nilikosea droo kwa sababu nilikubali kipimo bila kuuliza. Safari hii nimepima mara tatu na jibu ni lile lile. Usiniandikie kwamba ni kalamu.

Nimekata tiketi. Treni inafika Jumamosi tarehe 21 Juni, saa tano asubuhi. Hapa majirani wameninunia, kinyozi amegoma kuninyoa wiki nzima, anasema nitakwenda nikiwa na nywele kama kondoo ili nione haya nirudi. Ukijibu nakuja. Usipojibu nakuja vile vile.

Mdogo wako


8 Juni 1986

Gramu,

Marahaba, mdogo wangu. Sisi wazima. Mjukuu amesimama jana kwa kushika kiti, akaona tunamtazama, akakaa.

Si kalamu.

Nimechukua wiki mbili kuandika maneno hayo mawili. Barua hii naandika mwenyewe, binti ametoka, na nimeweka rula chini ya kila mstari ili usipate cha kupima.

Ni tangu mwaka jana. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, nikasema ni taa. Halafu taa ikabadilishwa. Sasa watu nawatambua kwa sauti na vitambaa navitambua kwa vidole, na nilidhani naendelea vizuri mpaka mwezi jana nilipomshonea mtoto wa shule shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mama yake hakugomba. Alinishika bega tu, na hilo ndilo lililoniuma. Binti nilimwambia juzi, baada ya barua yako. Amelia, amegomba, amenipeleka kwa daktari. Daktari anasema jicho la kulia tumelichelewesha, lakini la kushoto linaweza kupasuliwa mwezi wa nane, na nusu ya kuona itarudi, pengine zaidi. Anayetakiwa ni mtu wa kukaa nami nyumbani wiki tatu, kunitia dawa kila baada ya saa nne, bila kupunguza wala kuzidisha. Nikamwambia daktari mtu huyo ninaye, ila dawa atazipima mpaka zikome kutoka kwenye chupa.

Kwa hiyo unaona. Chumba sikukisafisha kwa kukuhurumia. Nilikusafishia chumba kwa sababu naogopa, na nilishindwa kukuambia njoo nakuhitaji, nikakuambia njoo nina droo.

Na la miguu. Miguu ilikuwa mizima. Siku ile nilikuwa na tiketi ya kuja kumzika wifi. Nilifika stesheni mapema, na mkoba wangu. Kulikuwa na treni mbili, na ule ubao ulioandikwa kwa chaki mimi niliuona mweupe wote. Niliona haya kuuliza. Mtu mzima, mkono una tiketi, anauliza imeandikwa wapi? Nikasema nitasikiliza watangaze. Wakatangaza wakati injini inapiga kelele. Treni moja ikaondoka, kisha ya pili, nami nimesimama na mkoba. Nikarudi nyumbani nikakuandikia miguu. Alinipenda, Gramu, nami nikakosa kumsindikiza kwa ajili ya haya. Nimelibeba hili peke yangu, sasa nakupa upande mmoja tushikilie.

Tarehe 21 nitakuja kukupokea mwenyewe. Binti amesema atanisindikiza, nimemkatalia, ila nimekubali aniache mlangoni. Nimeshona gauni jipya, la njano kali, ile rangi ambayo nikiwa na macho nisingeivaa hata kwa kulazimishwa, na mshono wa pembeni najua umepinda. Nitasimama karibu na dirisha la tiketi. Watashuka watu wengi, na mimi wote nitawaona kama moshi unaotembea na mizigo. Njia ya stesheni naijua, na kusikia nasikia vizuri sana.

Ukiniona usinipungie mkono. Niite. Niite kwa nguvu, watu wageuke.

Dada yako